Misumari ya Papa Tharcisse

Evere, Brussels, 3 Novemba 2025

Maman mpendwa,

Nakusalimu sana, barua naipitisha kwenye simu kama kawaida. Mimi na mke wangu Nathalie tu wazima, mafua tu. Goti lako linaendeleaje?

Bon, ile nyumba tunayonunua Schaerbeek tutaisaini kwa notaire, mwanasheria wa mikataba, tarehe 21. Lakini banki haitaki kusikia kitu bila karatasi ya bima, na huu ndio msimu wa dhoruba, madirisha yanatikisika kila siku. Wakala wa bima amenihoji kuhusu paa mpaka nikachoka: lina miaka mingapi, nani aliliezeka, limewahi kuvuja? Nilipojibu sijui, alinitazama kama mtu anayenunua mbuzi kwenye gunia.

Utuombee.

Mwanao,
Hervé

Likasi, 7 Novemba 2025

Hervé mwanangu,

Salamu nyingi. Goti ni lile lile. Nilitaka kunyamaza mpaka usaini, lakini nimeshindwa. Jumatatu upepo wa mvua umebeba nusu ya paa langu, mabati tumeyaokota hadi kwa majirani.

Misumari iliyolishika ni michache mno! Nilinunua pakiti nne, wewe mwenyewe ulizibeba. Nimemwambia papa Tharcisse, fundi aliyeliezeka, mbele ya kwaya nzima kwamba ni mwizi. Alichukua kofia yake, akatoka. Sasa watu wawili wamemnyima kazi, na baraza la kanisa litaamua Jumapili tarehe 16 kama abaki shemasi. Wewe ulikuwa unampokeza mabati siku ile. Niandikie ulichoona, niwasomee wazee.

Maman yako

Evere, 10 Novemba 2025

Maman,

Pole sana kwa paa, nitatuma mabati mapya. Unalala wapi? Kuhusu papa Tharcisse, ni miaka kumi na moja sasa, sikumbuki vizuri. Tusimhukumu mtu haraka. Hapa nakimbizana na fomu za bima.

Mwanao,
Hervé

Likasi, 11 Novemba 2025

Hervé,

Salamu. Nalala chumbani kwangu, pale bati halikung'oka. Mabati nimesikia, asante, lakini mimi sikuomba mabati. Hukumbuki, wewe uliyekuwa unakumbuka hata nyama ngapi ziko kwenye sufuria? Jumapili haiko mbali.

Maman yako

Evere, 14 Novemba 2025

Maman yangu,

Sijui nikusalimu vipi leo. Wakala alinipa fomu ya mwisho, chini imeandikwa: nathibitisha kwamba yote niliyosema ni kweli. Paa la Schaerbeek nimelieleza vizuri, hakuna uongo hapo. Lakini kalamu ilinishinda, nikaomba niende nayo nyumbani.

Pakiti mbili kati ya zile nne za misumari nilimuuzia Kalenga wa duka la vifaa. Nilitaka viatu vya kwendea ubalozini kuomba viza. Papa Tharcisse alipouliza misumari mingine iko wapi, nilimwambia wewe ndiye umesema amalizie na iliyopo. Alinitazama tu, akapanda ngazi.

Mwizi ni mimi, Maman. Nimeona haya mpaka sili. Wasomee wazee barua hii.

Hervé, kama bado ni mwanao

Likasi, 17 Novemba 2025

Hervé,

Barua sikuwasomea. Niliwaambia wazee kwamba Tharcisse hana kosa, nimekosea mimi, nikakaa chini. Wamemwacha abaki shemasi.

Kisha nilikwenda kwake. Nilimuuliza kwa nini alikubali nimtukane mbele ya watu bila kujitetea. Akasema: "Maman, miye nilijua ni weye ulikatala kununua misumari mingine. Sasa nikuhaibishe mbele ya kwaya?" Nilipomwonyesha barua yako aliisoma mara mbili, akacheka kidogo, akasema mutoto alikuwa na haraka ya kuenda. Halafu akaniambia kwamba misumari ile michache aliigongelea karibu yote juu ya kitanda changu, kwingine akaweka mmoja mmoja tu. Nililia pale pale, mke wake akaniletea maji.

Saini nyumba yako, na fomu uijaze vizuri. Mimi nimemwomba Tharcisse msamaha wangu. Wako sikuuomba. Utakuja Likasi umwombe mwenyewe.

Maman yako