Matanga ya Masika

Kasese, 15 Juni 2025

Mpendwa mama,

Tumsifu Yesu Kristo. Mguu wako unaendeleaje, na hapo sokoni watu wananunua? Mimi ni mzima. Barua hii anakuletea Blasio wa teksi kwa kuwa simu zangu hupokei. Sikulaumu, naeleza tu.

Kavugho anakuja kwangu kila Jumamosi. Usishtuke. Kwenye ukumbi wa parokia tunawasaidia watoto kuandika mashairi juu ya watu wanaowapenda: watoto wa kambi ya jeshi, wa mjini, na wa bweni kama yeye. Wananiita Madamu Alliance, jina langu la ubatizo, kwa hiyo hajui mimi ni nani. Alikuwa bado mgongoni kwako nilipoondoka. Mimi nilimjua alipotaja soko la Bwera na vitenge vyako.

Nikamwuliza ataandika juu ya nani. Akasema dada yake Masika, marehemu. Nikamwuliza alijuaje kwamba aliwahi kuwa na dada, akanicheka, akidhani natoka mbali: "Madamu, mimi ni Kavugho. Kwetu Kavugho ni jina la msichana wa tatu. Mbele yangu lazima kuwe na Masika na Kavira. Huwezi kuanza kuhesabu kwa tatu."

Kavira tulimzika pamoja, mama. Mimi ulinizika lini?

Sijamwambia kitu. Naomba ruhusa yako nimwambie.

Binti yako,
Masika

Bwera, 29 Juni 2025

Masika,

Milele na milele, amina. Mguu unavimba, soko iko. Umeuliza lini, na mimi nitakujibu lini.

Ulifuata ule askari wako Mugisha wakati udongo wa Kavira haujakauka. Nilibaki na mutoto mugongoni na vitenge vitatu juu ya gunia, kando ya barabara. Leo niko na duka lenye mulango na kufuli, na hakuna mutu alinishika mukono. Lakini jina la mutoto halifichiki hapa. Kila mwanamuke akisikia Kavugho anauliza: wale wawili wa mbele beko wapi? Kusema mumoja alikufa na mwingine alipanda lori ya jeshi bila kuaga, hiyo ilinishinda mudomo. Nikasema umefia kaskazini, wamekuzika huko huko.

Basi wakaja. Hamidah wa meza ya jirani alileta maharage, wengine kuni, wengine chumvi. Walilala sakafuni kwangu wakikulilia. Unaelewa? Nilikula matanga ya mutu iko hai. Leo nikisema unapumua, nitawaangalia na macho gani?

Usimwambie. Musaidie amalize shairi, si ndiyo kazi yako? Na liwe fupi, ule mutoto anaongea sana.

Mama Kavugho

Kasese, 6 Julai 2025

Mama,

Pole na mguu, uukande kwa maji ya chumvi. Nimekusikia. Mdomo nimeufunga, ila kazi imekwama.

Kavugho aliandika kwamba dada Masika ni malaika anayeng'aa mbinguni. Nikaufuta mstari. Hapa hatuandiki malaika. Nawauliza watoto: mikono yake ilikuwa ikifanya nini? Akikasirika husemaje? Mtoto mmoja wa kambi ameandika jinsi baba yake anavyopaka buti rangi huku akipiga mluzi, na ukisoma unaisikia harufu. Kavugho hana kitu. Anasema mama akiulizwa juu ya dada zake anaanza kukunja vitenge vilivyokwisha kukunjwa. Mwisho akaniomba mimi nimbunie dada. Nilimwambia tusibuni, tutafute.

Kwa hiyo atakupigia kwa simu ya matroni. Mpe jambo moja la kweli juu yangu. Mimi usinipe, mpe yeye.

Mugisha alihamishwa, akaoa huko huko. Nakaa peke yangu chumba kimoja karibu na reli, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kusikia mtu akiniita. Usifurahi sana.

Binti yako,
Masika

Bwera, 20 Julai 2025

Masika,

Chumvi inasaidia kidogo. Juu ya Mugisha sitasema nilikuambia. Nilikuambia.

Mutoto alipiga duka likiwa limejaa. Nilitaka kumupa kimoja nikate simu. Nikamupa sufuria uliyobeba siku tuliyovuka mupaka. Nikaona ile moja iko peke yake, nikaongeza sauti yako ya kanisani. Kisha vingine. Nilipoweka simu chini wateja walikuwa wamekwenda, na sikuona walipotoka.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi na sita Agosti wazazi wamealikwa, watoto watasoma. Nitakuja. Hamidah anakuja pia na wenzake wawili, wanasema wao ndio walikulilia, shairi ni lao pia. Sura yako wanaijua. Siku ile uwe mugonjwa. Tafuta homa, tafuta jino, chochote.

Mama Kavugho

Kasese, 17 Agosti 2025

Mama,

Natumaini mlifika salama na mguu haukukusumbua njiani.

Niliugua kama ulivyoagiza. Nililala mchana kutwa mlango umefungwa. Spika za parokia zinafika mpaka huku relini, lakini maneno hayashikiki, ni makofi tu.

Jioni matroni alimleta Kavugho kunijulia hali. Alikuja na parachichi. Akaniambia ulilia, na kwamba hajawahi kukuona ukilia. Kisha akasimama miguuni pa kitanda, mikono nyuma, akanisomea mimi peke yangu:

*Dada Masika alibeba sufuria kichwani*
*toka Kasindi mpaka Mpondwe, hakumwaga mchuzi.*
*Alipofika aligawa, yeye hakula.*
*Kanisani aliimba kama mbuzi, padri akacheka.*
*Mimi nilikuwa mgongoni, sikumwona vizuri.*
*Dada, sasa nina miaka kumi na moja,*
*nguo zako zimekaribia kunitosha.*
*Ungekuwepo ningekuita tu, bila sababu.*

Akaniuliza, "Madamu, angelipenda?"

Nikasema, "Angelipenda sana."

Akaridhika, akanitakia nafuu, akaenda. Parachichi bado liko mezani.

Ulilotaka nimelitimiza. Muhula ujao nitamwomba mwingine achukue kundi lake. Siwezi tena kukaa mbele ya mtoto anayenikumbuka.

Masika

Bwera, 31 Agosti 2025

Mutoto wangu,

Natumaini homa ya uongo haikukuachia ya kweli. Hapa ni likizo, Kavugho iko nyumbani, anakula vizuri.

Siku ile, mutoto aliposema "bila sababu", Hamidah alinishika mukono akanipa pole. Pole yake ya kwanza niliichukua, nikaitumia miaka yote hii. Ya pili iliniunguza. Nimekaa nayo wiki mbili. Jana nikaenda kwenye meza yake nikasema wote wakisikia: Masika iko hai, iko Kasese, ndiye alimufundisha Kavugho kuandika.

Hamidah hakunitukana. Alisema, "Tulilala sakafuni kwako, Geneviève." Kisha akageuza kiti chake, akanipa mugongo. Wengine wakafunika vitu vyao mapema.

Nikarudi nikamwambia Kavugho kabla hajaambiwa na soko. Nilipiga hesabu kwamba atanikasirikia mimi. Nilikosea hesabu. Amekukasirikia wewe. Anasema mama alidanganya kwa haya, lakini wewe ulimuacha akusomee kitandani kama mujinga, ukamutazama, ukajibu. Jumamosi zako hazitaki tena. Shairi amelipasua, vipande nimeviokota mimi, sijui kwa nini.

Basi tuko wawili hapa, hatusemeshani, na nje hakuna wa kutusemesha.

Kuja. Usije usiku, na usishukie nyumbani. Mwambie Blasio akushushe sokoni saa watu wamejaa. Upite katikati ya meza polepole, usalimie mumoja mumoja, anayetaka kukugusa akuguse. Mimi nitakuwa mulangoni kwa duka, na Kavugho nitamuweka pembeni yangu hata akinuna. Wasipokuitikia, usisimame. Endelea kutembea mpaka utufikie.

Mama yako