Karatasi Iliyobaki kwa Mama Mkwe

Malaba, Teso Kaskazini,
9 Juni 2025.

Mpendwa mdogo wangu Anyait,

Pokea salamu zangu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani wewe na shemeji, na huyo mgeni wa miezi sita ameanza kukupiga mateke? Miguu bado inavimba? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio mgonjwa. Baba anakohoa kama kawaida yake na dawa hataki. Mahindi yameshika vizuri, tunashukuru.

Barua hii anakuletea Victor, dereva wa lori anayepitia huko Voi. Kwa simu siwezi, maana mama huwa ameketi kando yangu, na unajua kwetu mja mzito haambiwi habari za mwanamke aliyefia uzazini. Ndiyo sababu ulipokatazwa kuja mazishini tulikuambia tu kwamba dada yetu Everlyne aliugua ghafla. Miezi miwili nimenyamaza. Lakini Jumapili uliniambia umepigwa skani, umeambiwa ni mvulana, basi umemaliza, hurudi tena kliniki. Nilipokata simu nililia. Everlyne alisema hivyo hivyo.

Everlyne alikuwa na vitabu viwili vya kliniki. Kimoja cha hapa Kenya, alikopanga kujifungulia, na kingine cha ng'ambo, karibu na kwa mama mkwe wake upande wa Uganda, kwa kuwa huko skani ilipatikana upesi. Wengi wetu wa mpakani hufanya hivyo, hata mimi nilifanya. Wauguzi wa hapa hawapendi. Mmoja aliniuliza mbele ya foleni nzima, "Mama, kitabu ni mbili za nini? Kwani umebeba mtoto wa huku na mwingine wa huko?" Watu walicheka, nami sijasahau.

Everlyne alipigwa skani mimba ikiwa ya miezi mitano. Alinipigia akiwa bado mlangoni: "Dada, ni girl! Sasa niko sawa kabisa." Karatasi ikabanwa ndani ya kitabu cha ng'ambo, na kitabu kikabaki kabatini kwa mama mkwe. Hakuna aliyeisoma mpaka tulipokwisha kumzika. Ilisema kondo la nyuma limekaa chini, limefunika mlango wa kizazi, na kwamba arudi wiki ya thelathini na mbili lipimwe tena.

Baada ya mazishi nilimtafuta muuguzi mmoja mpole anieleze. Alisema mara nyingi kondo hupanda lenyewe mimba inapokua, ndiyo maana hutaka kuliona tena. Lisipopanda, upasuaji hupangwa mapema na damu huwekwa tayari. Skani huonyesha umri wa mimba, kama mtoto ni mmoja au wawili, amekaaje, na kama maji yanamtosha. Jinsia ni kachumbari tu, Anyait. Chakula ni hayo mengine, na wewe umekula kachumbari ukaondoka mezani.

Everlyne hakurudi. Wiki ya thelathini na tano, asubuhi, alikuwa akipepeta mtama damu ikaanza kumtoka bila maumivu yoyote. Mimi na mumewe Ejoku tulimfikisha hospitali akiwa bado anaongea. Alikuwa akiniuliza kama nimefungia kuku wasile mtama. Walimtoa mtoto kwa upasuaji, lakini damu ya kumwongezea mama ilibidi itafutwe mbali. Ilipofika, alikuwa amekwisha kata roho.

Mtoto yuko hai, namlea mimi. Ejoku akimwona hutoka nje.

Watu wanamsema mama mkwe kwa kile kitabu kukaa kabatini. Wanamwonea. Mimi ndiye niliyemwambia Everlyne, "Hicho cha Uganda usiwaonyeshe, watakucheka." Na siku ile hospitalini daktari aliponiuliza kama mgonjwa alipigwa skani, nilijibu hapana. Aibu ya foleni ilikuwa bado imenikaa kooni. Wazee walisema mficha uchi hazai. Nilificha mimi, akafa yeye. Hilo hata Ejoku sijamwambia.

Sasa fanya hivi, nakusihi. Kusanya karatasi zote za kila mahali ulikopimwa, uziweke mbele ya muuguzi wa pale utakapojifungulia, akusomee kila mstari. Akikuambia urudi, rudi. Akifoka, mwache afoke. Ukiona damu, hata kidogo, hata kama huumwi popote, usingoje shemeji arudi kutoka kazini. Nenda hospitali wakati huo huo.

Msalimie shemeji Ilukor na mama mkwe wako. Baba na mama wangekusalimu kama wangejua nakuandikia. Mungu akufikishe siku yako salama, wewe na mwanao. Ukitaka kunichukia kwa haya una haki, lakini kwanza nenda kliniki. Nichukie ukiwa hai, mdogo wangu, nami nitashukuru.

Dada yako akupendaye sana,
Euphrasia.