Maua ya Ukutani

Malindi, 1911

Kwa mume wangu Nasor, uliye Unguja,

Salamu nyingi. Sisi tu wazima, na yule mbuzi wako kazaa. Ila kuta za chumba ulichomjengea binti yetu Zeina zatoka chumvi, kwa kuwa hukuyaacha mawe ya baharini yaoshwe na mvua ya masika kwanza. Lile tumbawe la kale lililogeuka jiwe, lenye alama kama maua alizozipenda, ndilo lilowalo zaidi. Fundi Abubakr asema aina yake imekwisha, haimo tena baharini. Alitaka kulipaka chokaa, nikamkataza.

Nasor, tangu tumzike Zeina nawe ukaondoka, jiwe hilo hulowa pale tu alipokuwa akiegemeza shavu. Kila asubuhi nalipangusa. Leo nimelikuta lina joto.

Rudi.

Mkeo,
Sheikha