Simu Yangu Imechukuliwa kwa Sababu ya Shikamoo

Mpendwa mshauri Judica, shikamoo, nisaidie kabla sijatamka neno ambalo halirudi. Mimi nimeolewa hapa Maretadu, na tangu tumalize kupanda nasoma kwenye simu kozi ya bure ya lishe ya watoto, walimu wako ng'ambo huko, Kiingereza chao kinakimbia na nusu ya matunda wanayoyataja sijawahi kuyaona, lakini nimekomaa, nimebadilisha uji wa binti yangu Sara na mtoto amenenepa kila mtu anaona. Nyumbani mtandao haushiki, kwa hiyo napanda na simu kilimani nikienda kuni, hedifoni masikioni, na Jumanne baba mkwe, mzee Hhando, akanipita nimeinamia somo, sikumwona wala sikumwamkia. Basi! Akafika nyumbani akasema, "Mke wa Gidion siku hizi wakubwa wake wako kwenye simu." Gidion, mume wangu, hakuniuliza hata neno, akachukua simu niliyoinunua kwa maharage yangu mwenyewe, na sasa anapanda nayo kilimani kuangalia mpira kwa bando langu! Anasema, "Nenda kwa mzee ukaombe msamaha na uape umeacha hayo masomo, ndipo utaiona simu." Mtihani wa mwisho unafungwa Jumapili, nikiukosa cheti sipati, na cheti hicho ndicho nilitaka kukipeleka hospitali nikaombe kazi. Nakuandikia kwa simu ya jirani. Mimi siombi msamaha kwa mtu, mshauri. Nimekosa nini?

Marieta, Maretadu

Marahaba, Marieta. Umekosa salamu, na usinipandishie sauti. Kumpita baba mkwe kimya ni kosa hata kama ungekuwa unasikiliza mahubiri. Mwalimu angetosheka na sikio moja, la pili ni la watu unaoishi nao.

Lakini huyo Gidion amenikera kweli kweli! Mtoto ananenepa mbele ya macho yake, naye anashangilia magoli kwa bando la mke. Mwanaume mzima kujificha nyuma ya heshima ya baba yake! Kama aliyekosewa ni mzee, mbona simu iko mfukoni kwa kijana wake?

Na wewe acha kujidanganya. Hospitali inaajiri waliosoma chuo na kusajiliwa, cheti cha kozi ya bure hakitakufungulia mlango huo. Faida umeshaiona kwenye sufuria yako, nayo si ndogo. Ukitaka kazi, ulizia chuo.

Kesho asubuhi, kabla mzee hajatoa ng'ombe, nenda pamoja na Gidion. Mwamkie vizuri, sema, "Baba, nilikupita bila kukuamkia, nisamehe," kisha nyamaza. Akishaitikia, mgeukie mumeo hapohapo mbele ya baba yake, udai simu yako. Kiapo cha kuacha masomo usikitoe hata wakununie mwaka mzima. Ukiomba msamaha leo kwa kusoma, Sara ataanza kuuomba kabla hajashika kalamu.