Wasifu Wako, Kaka Fidelis

Kaka Fidelis,

Hii ni wiki ya sita tangu tukuzike, na kitanda chako bado hakijapata mtu. Wamekuja wawili kukiangalia. Wa pili aliona maneno yako ya Kihispania uliyoyaandika ukutani kwa mkaa, akaniuliza kama chumba hiki kilikaliwa na mganga. Nikamwambia hiyo ni fasihi. Akaondoka mbio kuliko yule wa kwanza.

Mimi nimechoka tu. Bado tunapiga plasta kwenye yale maghorofa ya Point, hapa Durban, sasa tuko ya saba, na lifti haijaletwa, kwa hiyo ndoo zinapanda kwa kamba na sisi kwa miguu. Msimamizi wetu bado anaibembeleza mashine ya zege kila asubuhi kama mchumba aliyenuna. Unakumbuka ulivyokuwa ukimpigia kelele toka juu, "Prosopopeya!", kwamba anakipa kitu kisicho na uhai roho ya mtu? Alidhani ni tusi la kwetu. Siku hizi mashine ikigoma anaipiga teke na kuiambia mwenyewe: "Prosopopeya!" Umeacha mwanafunzi huko ambaye hukumtegemea.

Lakini sikuandiki kwa hilo. Nakuandikia kwa sababu nimekukasirikia, na hapa hakuna mtu wa kumwambia.

Kila tulipokwenda kuzika Mtanzania mwenzetu, wasifu wa marehemu ukianza kusomwa wewe ulikuwa unanifinya. Marehemu alikuwa mcheshi, alipenda watu wote, hakuwahi kugombana na mtu. "Hipérbole," unaninong'oneza, "chumvi tupu, huyu alimpiga mwenye nyumba na sufuria." Wakisema aliugua kwa muda mfupi, unanifinya tena: "Eufemismo, tafsida hiyo. Bia imemla miaka kumi." Ukaniapisha kwamba ukifa wewe nisikubali wakutie chumvi. Nikaapa haraka, maana wali ulikuwa umeanza kupakuliwa.

Basi ukafa kweli. Jumapili asubuhi, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, unajiandaa kwenda kanisani. Mama Sikitu, yule wa saluni ya chini ambaye ndiye mwenyekiti wa misiba yetu yote hapa Albert Park, akasema wasifu nitauandika mimi, kwa kuwa nimelala chumba kimoja nawe miaka sita na nilifika kidato cha pili. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akasema wasifu hauna dini.

Nikampigia Adela, binti yako, kule Ifakara, nipate habari zako sawasawa. Akanitumia ujumbe. Kuzaliwa, shule, miaka yako miwili ya masomo Kuba, yote hayo nilikuwa nayajua. Kisha pakaandikwa: "Kazi: mhadhiri wa fasihi ya Kihispania, chuo kikuu, Durban."

Nilisoma nimesimama. Nikakaa. Halafu ikaingia sauti yake: "Baba mdogo, ofisini kwake kuna vitabu vingi? Tafadhali wasivitupe."

Ofisini, Kaka. Ofisi yako ilikuwa ndoo ya rangi iliyofudikizwa.

Ndipo nikaelewa lile shati jeupe ulilolitunza kwa Jumapili tu. Ndipo nikaelewa kwa nini kila Jumapili ulikwenda kumpigia simu ya video kwenye ngazi za maktaba, na mimi mjinga nikidhani unafuata mtandao wa bure. Wewe, mkamata chumvi za watu makaburini, ulikuwa umemlisha mtoto wako gunia zima.

Nikamweleza Mama Sikitu. Hakushtuka hata kidogo.

"Andika mhadhiri," akasema. "Mtoto ameshafiwa na baba. Unataka afiwe na mhadhiri pia?"

Nikamuuliza Papa Dieudonné, mbeba mchanga wetu Mkongo, unavyojua hasemi uongo ila kuhusu umri wake. Akakuna kichwa. "Fidelis iko mwalimu, hiyo ni kweli kabisa. Lakini université, hapana."

Nikaandika, nikachana, nikaandika tena. Kila nikishika kalamu nakukumbuka siku ile ya encabalgamiento. Ulisema sentensi inafika mwisho wa mstari kabla haijaisha, inavuka kwenda mstari wa chini kumtafuta mwenzake, na anayesimama pale mwisho wa mstari ameelewa nusu tu. Kutuonyesha, ukavuka toka ubao mmoja wa jukwaa kwenda mwingine na ndoo iliyojaa. Plasta yote ikamwagikia Papa Dieudonné. Hilo neno mpaka leo analijua kuliko sisi wote.

Wasifu ukajaza karatasi mbili. Sikupanga, nakuapia, ila sentensi ya kazi yako ikaangukia mwisho kabisa wa karatasi ya kwanza.

Makaburini upepo ulikuwa mkali. Mama Sikitu alininyooshea simu usoni, na ndani ya simu alikuwamo Adela, amejifunga kitenge kichwani, anafanana nawe mpaka nikaogopa. Nikasoma: "Marehemu alifundisha fasihi ya Kihispania kwa miaka sita." Karatasi ikaisha. Mama Sikitu akaitikia kwa kichwa mara tatu, yaani hapo hapo, koma. Na ningeweza kukoma. Hakuna uongo pale. Adela alikuwa anatabasamu na machozi yake. Mimi nikamwona amepanda basi siku moja, amefika huku, anazunguka chuo kizima kuulizia mlango wa ofisi yako, na watu wanamcheka.

Nikafunua karatasi ya pili. "Alifundisha juu ya jukwaa la ujenzi, yeye mwenyewe akiwa fundi plasta, na wanafunzi wake walikuwa sisi wabeba ndoo."

Mama Sikitu akaigeuza simu ikaanza kuonyesha miti. Papa Dieudonné, kwa kutaka kusaidia, akasema "Amina" kwa sauti kubwa, na mchungaji, akidhani nimemaliza, akaanzisha wimbo. Kwa hiyo watoto na wajukuu uliowaacha hawakusomwa. Nisamehe kwa hilo.

Adela alikaa kimya siku tisa. Siku hizo sikula vizuri. Niliona nimekuharibia jina mbele ya mtu mmoja tu uliyejali anakuonaje. Siku ya kumi akapiga.

"Baba mdogo, kwa hiyo alinidanganya?"

"Alikudanganya, mama."

"Miaka sita yote?"

"Yote."

"Na Kihispania nacho kilikuwa uongo?"

"Hicho kilikuwa kweli," nikamwambia. "Kilitutesa sana."

Akacheka, Kaka. Kisha kicheko kikamgeukia, akalia sana, nami nikakaa na simu sikioni, maana kwa hapo hukunifundisha neno. Alipotulia akaniuliza umeacha nini. Nikamwambia hakuna vitabu. Kuna daftari moja ulilolishona kwa waya, karatasi zake za mifuko ya simenti. Akasema analitaka hilo.

Jana nikalifungua kwanza, nijue namkabidhi nini. Mifano yote ni sisi. Mama Sikitu na sala zake zinazoanza kila mstari kwa "Tunaomba" ndiye anáfora. Papa Dieudonné na umri wake ndiye hipérbole. Nikatafuta jina langu kurasa zote, nikaona huna habari nami. Lilikuwa ukurasa wa mwisho. Umeandika: "Lítote: kusifu kitu kwa kukanusha kinyume chake. Mfano: Shomari si mjinga."

Miaka sita, Kaka, na hiyo ndiyo sifa pekee uliyonipa. Nimeisoma mara nyingi kuliko inavyostahili.

Daftari sitampa mtu alibebe. Nitakwenda nalo mwenyewe mpaka Ifakara, likizo ya Desemba, nikae na Adela nimweleze kila ukurasa nani ni nani, na mahali ulipodanganya nitamwambia ulidanganya. Hicho ndicho kiapo changu cha pili kwako, na safari hii hakuna wali unaoningoja.

Lala salama. Hukuwa rafiki mbaya.

Mdogo wako,
Shomari