Hodi kwenye Msitu wa Mfalme

Kisarawe, Jumapili

Miguu bado inanuka tope, na wala sijuti. Leo Mjomba wa kijijini Kibuta amenipeleka kuuona msitu wa Mfalme wa Uingereza. Tulipofika ukingoni akavua makubadhi, akabisha hodi.

Nikacheka, mimi karani wa Serikali. "Hodi kwa nani, Mjomba? Kibao kinasema msitu ni wa Mfalme."

"Na yeye alibisha?" akaniuliza, akaingia.

Ndani mbega walikuwa wakiruka mti hadi mti, manyoya meupe mabegani yakipepea kama kanzu za Idi. Uzuri ule sijapata kuuona! Nikawa nanyata kama niko msikitini.

Tulipotoka, Mjomba akanitazama miguuni, akacheka yeye sasa. Viatu vyangu vipya vilikuwa mkononi. Sikumbuki nilivivua saa ngapi.