Paka Mzee na Nyama ya Sungura

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, halafu keti, maana barua hii haifai kusomwa ukiwa umesimama. Natumaini u mzima na kwamba zamu za usiku zimepungua kama ulivyoahidiwa. Mama hajambo, isipokuwa goti linalomsumbua asubuhi. Nimempa barua hii mwenzako wa kazini aliyekuwa huku likizo kwa sababu kila ukipiga simu Mama huiweka kwenye spika, na niliyo nayo si ya spika.

Ulipouliza habari za paka wako Shangazi tulikujibu kwamba anaendelea vizuri. Haikuwa kweli. Shangazi amezeeka sana tangu umwache. Manyoya ya tumboni na shingoni yalinyonyoka, akawa anajikuna mpaka damu, kochi likajaa madoa. Daktari wa mifugo alisema ni mzio wa chakula, na mshukiwa wa kwanza ni kuku. Aliagiza apewe nyama ya sungura iliyochemshwa bila chumvi, na asionje kitu kingine, hata mchuzi wa kulamba. Sindano za kuzuia mwasho alikataa kuendelea nazo, kwa kuwa figo za paka wa umri huo hazizihimili. Alisema vidonda visipofunga, itakuwa huruma zaidi kumchoma sindano ya kumlaza moja kwa moja kuliko kumwacha ajichune akiwa hai. Mama alilalamika njia nzima kwamba yeye hajawahi kumpikia mume wake sungura, sasa anampikia paka. Lakini alipika.

Vidonda havikufunga, na hapo ndipo nyumba ilipoharibika. Mama alinituhumu kwamba nampa paka masalia kwa huruma zangu za kijinga. Mimi nikamtuhumu yeye kwamba anaonja mchuzi kisha anamwachia mwiko. Akaniambia jikoni kwake hapafundishwi mtu. Nikaanza kutoa takataka nje mara tu tunapomaliza kula, na kuzikagua kwanza. Tukawa tunachungana kama wenye duka wawili wa mtaa mmoja. Baba alikuwepo mezani siku zote, akitafuna taratibu. Alisema mara moja tu kwamba Shangazi ni mzee, tumwache na uzee wake.

Kilichobaki kumfurahisha Mama kilikuwa sahani ya Baba. Unajua alivyokuwa mchaguzi wa chakula. Sasa sahani ilikuwa inarudi safi, na kwa vile ilirudi safi, Mama akawa anamwongezea nyama. Alijigamba kwa majirani kwamba mzee wake amerudiwa na hamu ya ujana. Kukonda kwa Baba tulikuita uzee. Alivaa sweta hata jua likiwaka, tukasema ni baridi ya wazee.

Tulipomrudisha Shangazi kwa daktari, alimweka kwenye mizani, akasoma, akamtoa, akamweka tena. Paka alikuwa amenenepa. Daktari akasema kwa nyama ya sungura tunayompimia hakuna paka wa kunenepa, kwa hiyo mgonjwa wake ana hoteli nyingine. Kisha akaacha utani. Alitupa nafasi moja ya mwisho. Tukirudi na vidonda vibichi, angetuomba tuagane naye palepale mezani. Mama alinitazama.

Siku iliyofuata ilikuwa ya kufua. Baba alikuwa anaoga, nikachukua sweta lake kitini na kuingiza mkono mfukoni kuangalia kama ameacha kitu. Mfuko ulikuwa umetandikwa plastiki vizuri, na ndani yake mlikuwa na vipande vya kuku vilivyotafunwa na kutemwa. Nilikuwa bado nimesimama hapo alipotoka bafuni. Hakushtuka. Alifunga mlango na kuniambia nisipaze sauti.

Alinieleza kwamba chakula kigumu hakipiti tena. Kinakwama kifuani, kinauma, kinarudi. Uji unapita akiunywa polepole. Nyama na wali, hapana. Alianza kwa kuficha kipande kimoja ili Mama asinune, na Shangazi akazoea kumsubiri mlango wa nyuma. Alijua anamuumiza. Alisema kila akimpa alimwomba radhi, lakini pengine pa kutupa hapakuwepo, mimi nikiwa nakagua takataka.

Tulimwambia Mama tunakwenda kupima macho. Hospitali walipitisha kamera kooni, wakaona uvimbe kwenye njia ya chakula, wakakata kinyama cha kupima. Majibu yametoka jana. Ni saratani, dada. Daktari anasema upasuaji bado unawezekana, ila muda wake unakwisha, na Baba amekataa kutia saini. Amenitaka niahidi kwamba hutajua lolote mpaka umalize mkataba wako wa kazi, kwa sababu anajua utaacha kila kitu. Nimemwahidi nikimtazama usoni, na papo hapo nilijua nitakuandikia.

Shangazi anapona. Vidonda vimekauka na manyoya yameanza kuota shingoni. Mama anajisifu kwa sungura wake, na mimi amenisamehe kosa nisilolifanya. Kuku wa Baba sasa ninakula mimi. Ninakaa ubavuni kwake. Mama akigeuka kuchukua maji, nahamishia nyama kwenye sahani yangu. Mama akirudi anamsifu. Jana alimwongezea tena, na Baba akasema asante, mke wangu, chakula kitamu.

Mama lazima aambiwe, lakini sitaki awe na mimi peke yangu siku hiyo. Baba naye mimi hanisikii. Wewe hajawahi kukukatalia jambo ana kwa ana, ndiyo maana anataka usijue. Njoo. Usipige simu kwanza, kwa kuwa atapata muda wa kujipanga. Fika tu, ukae naye, umwekee kalamu mkononi.

Wasalimie wenzako wa zamu, na aliyekuletea barua mpe chai. Huku hakuna aliyenituma salamu, kwa kuwa hakuna anayejua nimeandika.

Ni mimi,
Mdogo wako